Kijana yuko EGM, Advansi imemgomea. Ahamie HGE akapige BAM, au akomae?

Fundi Mita
Wakuu, salaam. Naomba akili zenu maana hapa nyumbani kikao kimegawanyika.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, naishi naye tangu yuko shule ya msingi na ada nalipa mimi. Kidato cha nne alitoka vizuri tu: Jiografia B, Historia B, Kiingereza C, Hesabu C. Akapangiwa kidato cha tano EGM, yaani kombi (mchepuo) ya Uchumi, Jiografia na hesabu ya juu wanayoiita Advansi, kwenye shule moja ya bweni huko mikoani. Julai akaripoti, baba yake akachinja mbuzi, watu tukala. Sasa karudi likizo ya Desemba na ripoti: Uchumi 61, Jiografia 57, Advansi 19.

Kijana anataka kuhamia HGE. Shuleni kwao HGE ipo. Uchumi na Jiografia anabaki nazo, Advansi anaitua, anachukua Historia, na upande wa hesabu anabaki na BAM, hesabu ya msingi, kama somo la nyongeza. Baba yake, yaani shemeji yangu, hataki hata kusikia. Anasema mwanawe atakuwa injinia, hajampeleka shule kukariri vita vya Majimaji. Dada yuko kimya, na akikaa kimya ujue yuko upande wa mtoto.

Mimi niliishia kidato cha nne nikaingia ufundi umeme, hayo makombi siyajui vizuri. Waliopita huko, mnanishaurije?

Mzee wa Kaunta
Akomae. Sisi tulisoma na vibatari.

Kipepeo
@Mzee wa Kaunta na ulipata division ngapi mzee wangu?

Mzee wa Kaunta
Hayo siyo ya kuulizana hadharani.

Dada Takwimu
Fundi, kabla hatujafika mbali. Injinia kwa EGM? Fizikia iko wapi hapo? EGM ni Uchumi, Jiografia na hesabu. Digrii za uhandisi kwa kawaida wanataka ufaulu wa Advansi NA Fizikia. Shemeji yako anapigania mlango ambao kijana hakuwa nao tangu siku anaripoti. Angekuwa PCM, au PGM, kombi zenye Fizikia na Advansi, tungeongea mengine. Mwambie hilo kwanza, kwa upole, halafu mrudi mezani.

Fundi Mita
Duh. Hapo umenifumbua macho dada. Yeye kila siku anasema "kombi yenye hesabu ni kombi ya mainjinia".

Dada Takwimu
Wapo wazazi wengi hivyo, wala usimcheke. Ila usije ukadhani EGM haina kazi. Mimi ni zao la EGM. Nilipata E ya Advansi, E kabisa, na nikaingia kusoma akchuari, zile hesabu za bima na pensheni. Bila Advansi wasingenigusa. Takwimu, upimaji ardhi, ualimu wa hesabu, huko kote Advansi ndiyo tiketi. Kwa hiyo kura yangu: asiitupe kwa sababu ya 19 moja ya muhula wa kwanza.

Bukuli
Mimi nilihama. EGM kwenda HGE, mwezi wa pili wa kidato cha tano. Leo naandika hapa nikiwa na kazi na sijawahi kuikumbuka Advansi hata usingizini. Wengi watakuja hapa kukutisha kwamba HGE ni kombi ya wavivu. Waambie waje wakae saa tatu waandike insha tano za Historia kwa Kiingereza, mkono unakufa ganzi, halafu kesho yake warudi kwa karatasi ya pili.

Mahesabu yenyewe ni haya, fundi, chukua karatasi. NECTA, Baraza la Mitihani, wanahesabu masomo matatu ya kombi tu. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Division one ni 3 hadi 9, two ni 10 hadi 12, three ni 13 hadi 17. Sasa kijana wako akibaki EGM akatoka na C ya Uchumi, C ya Jiografia na F ya Advansi, ana 3+3+7, jumla 13. Three. Akihamia HGE akapata C tatu ana 9, division one. Mtoto yuleyule, kichwa kilekile.

Dada Takwimu
Umemwekea F upande mmoja na C upande wa pili, halafu unashangaa matokeo. Weka E ya Advansi: 3+3+5 ni 11, division two. Weka S: 12, bado two. Na nani kakwambia Historia atapata C?

Bukuli
Alipata B kidato cha nne, imeandikwa hapo juu. Hesabu alipata C.

Kipepeo
Halafu chuo hawaangalii division, wanaangalia masomo mawili uliyofaulu. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanageuza: A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwa kozi nyingi kiwango cha chini ni pointi 4 kwenye masomo mawili. C mbili za Uchumi na Jiografia tayari ana 6. Hata akipata F ya Advansi chuo anaingia, ila siyo kwenye kozi zinazoitaka hiyo Advansi.

Bukuli
Kuingia anaingia. Kwenye kozi yenye foleni, mwenzake mwenye masomo matatu mazuri anamuacha getini. Tuwe wakweli.

Ticha Chaki
Nafundisha Advansi na BAM, nimepita shule za serikali na za binafsi. Niseme kidogo, au nyingi, mtanivumilia.

19 peke yake hainiambii kitu. Muhula wa kwanza nimeona watoto wenye A ya hesabu kidato cha nne wanapata 12. Hesabu ya kidato cha nne mtoto mjanja anaivuka kwa kuokota alama kwenye seti, takwimu, matriksi, akaunti, na kuyakimbia maswali yenye aljebra nzito. Akifika Advansi hakuna pa kukimbilia. Karatasi ya kwanza ina maswali kumi na yote ni lazima. Aljebra imejificha kila mahali: kwenye koodineti, kwenye fankshoni, kwenye difrensiesheni. Mtoto anaelewa wazo la swali vizuri kabisa, halafu anafia kwenye kurahisisha sehemu yenye herufi juu na chini.

Kwa hiyo fundi, weka ripoti pembeni. Mwambie akuletee karatasi za majaribio zenyewe, zile zenye wino mwekundu. Hata kama hujui hesabu utaona. Je, maswali yamebaki meupe, au alianza akapotea njiani? Alama alizopata zimetoka kwenye mada zipi? Kama zimetawanyika mbili huku moja kule, msingi wa kidato cha kwanza hadi cha nne umelegea, na huo hauzibiki kwa likizo moja. Kama mada mbili kapata vizuri na nyingine sifuri kabisa, kuna jambo lilitokea darasani. Utoro, ugonjwa, mwalimu, mapenzi, lolote lile.

La pili: BAM. Tafadhali msije mkampeleka kijana HGE mkidhani hesabu imeisha. BAM ina fankshoni, aljebra, difrensiesheni, intigresheni, takwimu, probabiliti, trigonometria, matriksi, linia programingi. Kilichoondoka ni vekta, namba changamano, haipaboliki, milinganyo ya difrensia na kile kina cha kukamua swali moja ukurasa mzima. Mtihani ni karatasi moja badala ya mbili. Ni nyepesi kuliko Advansi, ndiyo, ila watoto wa HGE na PCB (Fizikia, Kemia, Baolojia) wanaidharau kwa sababu haiingii kwenye division. Darasani kipindi cha BAM unakuta viti vitupu. Halafu siku ya kuomba chuo anakuta kozi ya uchumi au biashara inamwambia: kama huna Advansi, basi tuonyeshe walau S ya BAM au C ya hesabu kidato cha nne. Hapo ndipo analia.

Kijana wako ana C ya kidato cha nne, kwa hiyo hapo ana mto wa kulalia. Wengi hawana.

Mzee wa Kaunta
Mwalimu umeandika mtihani mzima. Nimesoma lakini.

Pwani Moja
Mimi naona mnazunguka. Mtoe huko mpeleke diploma. Cheti cha kidato cha nne anacho, miaka mitatu ana diploma na ujuzi mkononi, akipata GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaunga digrii. Kidato cha tano na sita ni kupoteza muda.

Ticha Chaki
@Pwani Moja ni njia halali na wengine imewafaa kuliko hii. Lakini huyu ana 61 ya Uchumi na 57 ya Jiografia muhula wa kwanza. Huyo hajashindwa kidato cha tano, kashindwa somo moja.

Fundi Mita
Wakuu nimerudi. Karatasi nimeziona. Alikuwa amezificha chini ya godoro, nimempa soda zikatoka.

Mwalimu, ni kama ulikuwepo. Jaribio la kwanza lilikuwa la seti na mantiki: seti 9 kati ya 10, mantiki 7 kati ya 10. Mtihani wa muhula, seti tena kapata vizuri. Kuanzia jiometri ya koodineti kwenda mbele ni meupe. Hajaandika kitu. Swali la fankshoni kachora mchoro mmoja mzuri tu, akaishia hapo.

Nikamuuliza kulitokea nini. Anasema mwalimu wao wa Advansi alikuwa wa kujitolea, mwezi wa tisa akapata ajira ya kudumu mkoa mwingine akaondoka. Tangu hapo wanafundishwa na kaka zao wa kidato cha sita, usiku, wakipata nafasi. Na darasa lao la EGM wameshahama kadhaa. Kwa nini hakusema mapema? Anasema aliogopa baba yake ataona ni kisingizio.

Dada Takwimu
Umeona sasa! Alipofundishwa alipata 9 kati ya 10. Kichwa anacho. Huyu siyo wa kuhama, huyu ni wa kutafutiwa mwalimu.

Bukuli
Dada yangu, mwalimu atatafutwa na nani? Wewe? Mtihani ni mwezi wa tano kidato cha sita, haumsubiri mwalimu aajiriwe.

Dada Takwimu
Tuisheni ya likizo ipo. Mjini kila mtaa kuna kijana wa chuo anafundisha Advansi. Hii Desemba amalize koodineti na fankshoni, akirudi Januari aangalie hali. Kama mwezi wa tatu bado, ndiyo ahame. Mnamhukumu mtoto kwa kosa la ratiba.

Ticha Chaki
Dada Takwimu, nakubaliana na wewe kuhusu kichwa cha kijana. Alama zinaonyesha. Ila mwezi wa tatu mimi siukubali. Anayehama mwezi wa tatu anakuta HGE wenzake wameshamaliza mada nzima za Historia ya Afrika na wako kwenye karatasi ya pili, kuinuka kwa ubepari Ulaya na yanayofuata. Uchumi na Jiografia zitaendelea kumdai muda uleule. Bukuli alihama mwezi wa pili akatoka salama, muulizeni alikuwa analala saa ngapi.

Bukuli
Saa nane za usiku, mwalimu. Na nilikuwa na daftari la kuazima la binti mmoja, mwandiko wake kama umechapwa. Mungu ambariki popote alipo.

Ticha Chaki
Ndiyo hivyo. Ukihama, hama mwanzo wa muhula. Ukibaki, baki moja kwa moja, usikae mguu nje mguu ndani, maana mtoto anayengoja kuhama hasomi Advansi wala Historia.

Na tuisheni ya likizo, sisemi vibaya, inasaidia pale mtoto anaporudi shuleni kwa mwalimu. Kule anakorudi hakuna mtu. Advansi ina mada kama 18 kwa miaka hii miwili, na miaka miwili yenyewe ukitoa likizo, moko (mtihani wa majaribio) na maandalizi haifiki hata miezi 18. Ajifunze vekta na milinganyo ya difrensia kwa kaka wa kidato cha sita ambaye naye ana mtihani wake? Wapo wanaoweza. Nimewahi kuwa nao. Wale huwaulizi, unawaona wenyewe wako ubaoni saa nne za usiku kwa hiari yao. Fundi, mpwa wako ni wa hivyo?

Fundi Mita
Hapana mwalimu. Ni mtoto mzuri, ana bidii, ila siyo wa hivyo. Huyu ukimwekea ramani mbele hata chakula anasahau. Hesabu anafanya akitumwa.

Kipepeo
Kuna njia ya tatu hamjaigusa: uhamisho wa shule. Abaki EGM, ahamie shule yenye mwalimu wa Advansi.

Ticha Chaki
Inawezekana. Kubadili kombi ndani ya shule ni mazungumzo na mkuu wa shule na ofisi ya taaluma. Kubadili shule ni barua za wakuu wawili na vibali vya juu yao, tena upate shule yenye nafasi. Kama mnaye wa kufuatilia, jaribuni. Msisahau nauli, magodoro na matranka kuhamishwa.

Pwani Moja
Au shule ya binafsi.

Fundi Mita
Mkuu, mimi ni fundi umeme. Nina wa kwangu wawili pia.

Bukuli
Hivi kuna mtu amemuuliza kijana anataka kuwa nani? Tumefika mbali sana, baba anataka injinia, Dada Takwimu anataka akchuari, mimi nataka HGE. Yeye je?

Fundi Mita
Nimemuuliza jana jioni tukiwa tunabadilisha soketi. Kwanza akasema "chochote mjomba". Nikamwambia chochote hakina kozi. Akanyamaza, halafu akasema anapenda mipango miji. Anataka ajue kwa nini mtaa huu mafuriko yanaingia na ule hayaingii, kwa nini soko liliwekwa kule. Kumbe kuna afisa mipango wa halmashauri alikuja kwao kidato cha tatu akaongea nao, toka siku ile. Sikuwahi kujua.

Ticha Chaki
Hiyo ni taarifa kubwa kuliko ile 19.

Kipepeo
Mipango ya maendeleo, mfano Chuo cha Mipango pale Dodoma, Jiografia na Uchumi ndiyo mtaji wao. Mipango miji angalieni Chuo Kikuu Ardhi. Ila msiniamini mimi wala mtu yeyote humu: TCU wanatoa kitabu cha sifa za kujiunga kila mwaka, kiko kwenye tovuti yao bure. Fungueni kozi moja moja, andikeni pembeni inataka nini. Sifa zinabadilika, na rafiki wa binamu yako aliyeingia zamani anakwambia za zamani.

Dada Takwimu
Nitasema neno moja halafu ninyamaze. Ana miaka 17. Mimi nikiwa na 17 nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Akiacha Advansi leo, mwaka kesho akigundua anapenda upimaji ardhi au takwimu, harudi. Labda arisiti, yaani arudie mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hakuna mtu mwenye akili timamu anarisiti Advansi kwa raha. Mlango wa kutoka ni mpana, wa kurudi haupo. Mjue tu mnachofanya.

Bukuli
Hilo ni kweli na sina jibu lake.

Mzee wa Kaunta
Hata mimi nataka kuwa mtangazaji wa redio.

Ticha Chaki
Dada Takwimu asinyamaze, hoja yake ni nzito. Ndiyo maana mimi hupenda kuuliza: unaacha Advansi kwa sababu umeipima, au kwa sababu unakimbia wenzio waliokimbia? Fundi amesema darasani wamehama kadhaa. Kundi likianza kuhama, waliobaki wanajiona wajinga.

Nina pendekezo moja la kazi. Kabla ya kuandika barua yoyote, mpeni kijana swali la Historia la kidato cha tano. Aandike insha nzima kwa muda, kwa Kiingereza, bila kufungua daftari zaidi ya kulisoma siku iliyotangulia. Mpeni mwalimu wa Historia asahihishe bila huruma. Historia ya kidato cha nne B ni jambo moja. Insha ya kidato cha tano inataka hoja, mfano, tarehe, na hitimisho lililojengwa. Akipata 5 kati ya 20, kuhama kwake ni kutoka shimo hadi shimo. Mtakuwa mmebadilisha aina ya F.

Pwani Moja
Hapo mwalimu umenipata. Hata mimi mpinzani nimekubali.

Fundi Mita
Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa Historia, tena alikuwa anasahihisha. Nampelekea kesho.

Fundi Mita
Wakuu, mrejesho.

Mzee jirani alimpa swali la watu weusi waliopelekwa Amerika, jinsi harakati zao zilivyochangia mapambano ya uhuru Afrika. Kijana akakaa kibarazani kwa mzee, saa iko mezani. Amepata 11 kati ya 20. Mzee anasema hoja anazo, mifano anayo, Kiingereza kinachechemea, na aya zake zinaanza zote kwa neno lilelile. Anasema kwa mtoto ambaye hajaingia darasa la Historia tangu kidato cha nne, ni mwanzo mzuri.

Jioni tukamwita shemeji. Nilianza na lile la Fizikia kama Dada Takwimu alivyoshauri. Aliduwaa. Akaniuliza mara mbili, "Kwa hiyo hata akipata A ya hesabu, injinia hawi?" Nikamwambia kwa kombi hii, hawi. Akanywa chai yake kimya. Halafu akamgeukia mtoto, "Mbona hukuniambia mwalimu hayupo?" Mtoto akasema, "Ungesema natafuta sababu." Shemeji hakubisha.

Tukafungua kitabu cha TCU kwenye simu, kozi za mipango, tukaandika kwenye daftari zile zinazomkubali kwa Uchumi na Jiografia na zile zinazotaka Advansi. Za kwanza zilikuwa nyingi kuliko shemeji alivyodhani. Za pili nilimwonyesha pia kijana, nikamwambia hizi ndizo unazoziacha, zisome majina yote. Alizisoma. Upimaji ardhi alirudia kuusoma. Nikamuuliza, bado? Akasema bado.

Anahama. Shemeji ndiye ameandika barua kwa mkuu wa shule, kwa mkono wake, maana shule inataka saini ya mzazi. Nimempigia mwalimu wa taaluma, amesema nafasi HGE zipo, ila arudi siku ya kufungua na siyo wiki moja baadaye, na aje na noti za Historia za muhula wa kwanza zimeshanakiliwa. Mzee jirani ameazima daftari kwa mjukuu wake.

Bukuli
Safi. Amuazime mtu mwenye mwandiko.

Dada Takwimu
Sijakubali lakini nimeelewa. Mlivyomsomesha yale majina ya kozi anazoziacha, hapo mmenifurahisha. Mimi hakuna aliyenisomea chochote.

Ticha Chaki
Mmefanya vizuri. Sasa BAM. Asipoteze ile misingi ya seti na mantiki, imemjengea mpangilio wa kufikiri japo BAM haiulizi mantiki. Likizo hii afanye vitu viwili tu vya hesabu: kurahisisha aljebra, kurasa mbili kila siku, na michoro ya fankshoni kwa sababu nimeona anajua kuchora. Akirudi, kipindi cha BAM akae mbele. Wenzake watamcheka. Mtihani uliopita wa BAM mmoja kila Jumamosi kuanzia kidato cha sita, na Chuo cha Mipango watamkuta ameshazoea takwimu. Huko kwenye mipango takwimu ni nyingi mno.

Fundi Mita
Nimeandika yote mwalimu. Asante sana. Akisumbua nitakuita.

Mama Bweni
Samahani wadau, nimesoma uzi wote usiku huu. Binti yangu yuko PCM, anataka kwenda PCB kwa sababu hiyohiyo ya Advansi. Baolojia ya kidato cha nne alipata C. Na yeye ahame?

Ticha Chaki
Mama, shikamoo. Ya binti yako ni tofauti. Kwenye PCB Fizikia na Kemia zinabaki palepale, na uhandisi kwa sehemu kubwa ndiyo unaondoka. Kwanza niambie: Fizikia anapata ngapi, na shuleni kwenu maabara ya Baolojia inafanya kazi? Fungua uzi wako, uweke na alama zote, nitakuja.